Chacha Mwita Yupi?

Ukisema hapa chuoni kwamba unatoka Tarime, utani unakuja kabla salamu haijaisha. "Mura, panga umeliacha getini?" Mimi ni binti, lakini na mimi naitwa mura, maana wanaotutania hawajui kwamba neno hilo ni la wanaume. Nimezoea. Mwaka wa kwanza nilikuwa nanuna, mwaka wa pili nikawa najibu, sasa niko mwaka wa tatu nacheka tu. Ila watu wanaotutania wanaamini kwamba Wakurya tunapigana kwa sababu tuna hasira za karibu. Mimi nimeona mpira wa miguu ukitaka kuzaa vita katika kata ya Nyanungu, nikiwa nimekaa mezani kabisa na kalamu mkononi, na ninavyokumbuka hasira ilichelewa sana kufika. Kilichotangulia kilikuwa jina kwenye daftari.

Nyanungu ni kata ya wilaya ya Tarime, huko juu mpakani. Upande mmoja kuna Kenya, upande mwingine kuna Hifadhi ya Serengeti, na katikati tuko sisi na mahindi yetu, ng'ombe wetu na kesi za mipaka. Mahindi yakishavunwa watu wanapata nafasi, na vijana wakipata nafasi wanataka mpira. Basi mashindano yanapangwa: timu za vijiji na vitongoji, za kwetu na za kata jirani, kila timu inatoa kiingilio, na bingwa anapewa ng'ombe dume. Kombe hakuna. Kombe utalila? Dume lenyewe linafungwa kwenye mti pembeni ya kiwanja kuanzia nusu fainali ili kila mtu alione, na nawaambia hakuna hotuba ya mgeni rasmi inayopandisha morali kama dume lile likitafuna majani bila wasiwasi. Wasichana tunacheza mpira wa pete na zawadi yetu ni mbuzi. Hilo nitaliandikia makala yake siku nyingine.

Kiwanja ni cha shule ya msingi. Kina mteremko, kwa hiyo kila timu inataka kipindi cha pili ishambulie kwenda chini, wakati miguu imechoka. Milingoti ni ya mikaratusi, mistari inachorwa kwa majivu, na ng'ombe wa watu wakikatiza mpira unasimama. Mwamuzi anatafutwa mbali makusudi, asiwe wa ukoo wowote unaocheza, na pikipiki ya kumrudisha inaegeshwa ikiwa imeshageuzwa kuelekea barabarani. Hilo la pikipiki si utani.

Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ndefu ya mwaka wa kwanza. Mwenyekiti wa kamati ya mashindano ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha darasa la tano, mzee mwembamba anayetembea na redio. Akaniita akasema, "Binti, wewe una mwandiko mzuri na huchezi mpira." Ndivyo nilivyokabidhiwa daftari la usajili, kaunta buku lenye jalada gumu. Kanuni zilikuwa chache na tulizisoma kwa sauti mbele ya manahodha wote: kila timu wachezaji 20, kila mchezaji aje mwenyewe aandikwe na aweke sahihi au dole gumba, awe mkazi wa kijiji chake kwa miezi sita au zaidi, na ratiba ikishapangwa hakuna kuongeza jina. Kanuni hizo zililenga kitu kimoja tu, mamluki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza mpira wa mitaani, mamluki ni mchezaji wa kuazima. Kijiji kinachangisha hela, kinatuma mtu mjini, na siku ya mechi kijana ambaye hakuna anayemjua anashuka kwenye bodaboda na njumu zake mfukoni. Anacheza, anafunga, analipwa, anaondoka. Kila mahali Tanzania kuna mamluki. Ila Ukuryani mamluki ana msaada wa ziada, nao ni majina yetu. Sisi tuna majina machache na watu wengi. Chacha, Mwita, Marwa, Nyamhanga. Ukiyapanga hivi unapata baba, ukiyageuza unapata mwanawe: Chacha Mwita mtoto wa Mwita Chacha, ambaye baba yake naye alikuwa Chacha. Katika daftari lile niliandika akina Chacha Mwita saba, na wawili walikuwa timu moja. Vitambulisho vya taifa wengi hawakuwa navyo bado. Sasa hebu niambie, mtu akivaa jezi namba kumi akasema anaitwa Chacha Mwita, utambishia vipi?

Mahasimu wetu ni kijiji cha ng'ambo ya kijito. Tunachota maji kijito kimoja, tunauza mnada mmoja, tunasali makanisa yale yale, lakini wao ni ukoo mwingine. Hapo inabidi nieleze kidogo. Wakurya ni kabila moja lenye koo nyingi: Wairege, Wanyabasi, Wakira, Watimbaru, Wanchari na wengine. Kwa miaka mingi koo hizi zimegombana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi, kiasi kwamba serikali iliamua Tarime na Rorya ziwe kanda maalumu ya kipolisi, jambo ambalo kwa kawaida ni la mkoa mzima. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la kwanza nilikaa nyumbani wiki kadhaa kwa sababu njia ya shule ilikuwa haipitiki. Walimu waliotoka mikoa mingine waliomba uhamisho. Mnada ulihamishwa, na mama alibeba ndizi kichwani masaa mawili kwenda soko la mbali kwa sababu soko la karibu lilikuwa upande wa "wao". Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mpira ni mchezo tu, namuuliza mchezo wa wapi.

Mechi yetu nao ilikuwa nusu fainali. Kijiji kizima kilikuja, na ng'ambo wote wakaja. Wazee wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, wanawake na nyimbo za kejeli ambazo siwezi kuziandika kwenye jarida la serikali ya wanafunzi. Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli. Mimi niko mezani karibu na mstari wa kati, na dakika kama ya 30 mpira ulitoka ukaja mpaka miguuni kwangu. Namba kumi wetu akaja kuuchukua. Nikamwangalia usoni. Sikuwa nimemwandika mtu yule. Chacha Mwita niliyemwandika mimi ana pengo la jino la mbele, alikuja mwenyewe, akaweka sahihi ndefu ya madaha, akanitania kuhusu chuo. Na wiki ile watu walikuwa wanasema amerudi Nyamongo kwenye shughuli zake za dhahabu.

Mapumziko nilimwambia mwenyekiti. "Mwalimu, namba kumi simjui." Hakushtuka. Alisema kamati haishtaki, kamati inasikiliza. Rufaa inaletwa na timu, na ada yake ni shilingi 50,000. Kisha akasema, "Wewe andika ulichoona, na uandike saa." Nikaandika. Kipindi cha pili namba kumi yule yule akapokea mpira, akamzungusha beki, akapiga kwa mguu wa kushoto. Goli zuri sana, kwa haki ya Mungu. Tukashinda 1–0.

Filimbi ilipolia hakuna aliyepiga kelele za vita. Nilichokiona ni akina mama wa ng'ambo wakiita watoto wao na kuanza kuwasukuma njia ya nyumbani, na wanaume wao wakibaki. Kisha akina mama wa kwetu nao wakafanya hivyo hivyo. Ukiwa umekulia kule unajua maana yake. Mwamuzi alikuwa ameshapanda pikipiki. Nahodha wa ng'ambo akaja mezani na noti tano za elfu kumi, akaziweka juu ya daftari langu, akasema tu, "Rufaa."

Mwenyekiti angeweza kusema kikao kesho. Hakusema hivyo. Alisimama pale pale chini ya mti, dume liko nyuma yake, akatangaza kwamba rufaa itasikilizwa sasa hivi mbele ya wote, kwa sababu kesi ikilala inaamka na mishale. Watu wakakaa chini. Ilikuwa kama iritongo, ule mkutano wetu wa kimila ambao jamii inakaa wazi kusikiliza kesi, mwizi anatajwa, mashahidi wanasema, na uamuzi unatoka kila mtu akiwa anasikia. Nimesoma kidogo kuhusu iritongo hapa chuoni, na vitabu vinauelezea kama chombo cha kupambana na wizi wa ng'ombe. Ni kweli. Lakini kwa mtoto aliyekua akiuona kwa mbali, kilichokuwa cha ajabu ni ule uwazi: mtu anashindwa kesi mbele ya wale wale atakaokutana nao kisimani kesho.

Namba kumi akaitwa. "Jina lako nani?"

"Chacha Mwita."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza, "Mtoto wa nani?"

"Wa Mwita Chacha."

Wakacheka zaidi, pande zote mbili, na kwa dakika moja nilidhani tumepona. Maana kijana hakuwa anadanganya! Alikuwa kweli Chacha Mwita. Boma lao liko hatua chache ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na ni wa ukoo wetu kabisa. Mzee mmoja wa kwetu akasimama kueleza hilo, na alisema vizuri mpaka nikatamani kumpigia makofi. Alisema mpaka huu hatukuuchora sisi, waliuchora Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 kwa rula, wakiwa mezani kwao Ulaya. Alisema babu wa kijana huyu na babu zetu wamezikwa pamoja. Kwenye msiba anakuja kama mwenyeji, kwenye tohara anakuja kama mwenyeji, mahari ya binti zetu anakula. Leo kwenye mpira ndiyo awe mgeni?

Hoja hiyo ina uzito, na mpaka leo sidhani kama kuna mtu aliijibu. Ila haikuwa hoja iliyokuwa mezani. Kanuni ilisema aje mwenyewe, aandikwe, awe anaishi kijijini. Kama tuliona kanuni inawaonea ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, tulikuwa na nafasi ya kusema siku ile ilipokuwa inasomwa, na nahodha wetu alikuwepo.

Nahodha wetu ni kaka yangu.

Mwenyekiti akanigeukia. "Katibu, Chacha Mwita uliyemwandika ndiye huyu?"

Kwetu mwanamke hasemi ovyo kwenye kikao cha wanaume, na hapo nilikuwa naulizwa mimi, binti wa miaka kumi na tisa, mbele ya baba yangu, dhidi ya timu ya kaka yangu. Kaka alikuwa amesimama na kitambaa cha unahodha mkononi. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aliangalia chini tu. Nikasema, "Hapana. Niliyemwandika si huyu." Kisha nikasoma nilichoandika mapumziko, na saa yake.

Rafiki zangu wa hosteli nikiwasimulia hapa wanasema nilikuwa jasiri. Sikubali. Kila mtu aliyekaa chini ya mti ule alikuwa anajua. Ng'ambo walijua, sisi tulijua, hata watoto waliokuwa wanachezea mkia wa dume walijua. Uongo wangu usingemdanganya mtu yeyote. Kazi pekee ambayo ungefanya ni kuwaambia watu wa ng'ambo kwamba hata wakileta rufaa, hata wakilipa ada, hata wakikaa chini kwa adabu na kusikilizwa, hakuna kitu. Na mtu akishajua kwamba mezani hakuna kitu, anarudi kwenye njia anayoijua. Mimi nilikuwa naogopa zaidi hiyo njia kuliko macho ya kaka.

Uamuzi ulitoka: mchezaji hakusajiliwa, matokeo yamefutwa, ng'ambo wanakwenda fainali. Ushindi wa mezani, kama tunavyosema. Mashabiki wao wakaanza kuimba. Na hapo ndipo nahodha wao alipofanya kitu ambacho sikukitegemea. Akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, fainali ya mezani hatuitaki. Turudie mechi, bila huyu." Watu wake mwenyewe walimzomea. Mmoja alimrushia kandambili. Yeye akasimama hapo hapo mpaka kamati ikaenda pembeni, ikarudi, ikasema mechi irudiwe Alhamisi.

Nilikutana naye mnadani wiki kadhaa baadaye, nikamuuliza kwa nini. Nilitegemea aniambie habari za amani na upendo, kwa kuwa ni mtu wa kwaya. Akanijibu hivi: "Dada, ningeichukua ile fainali mngekuwa na mdomo mwaka mzima. Mngesema mlitufunga, karatasi ndiyo iliyowanyima. Mimi nilitaka mfungwe, na mjue mmefungwa."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko mihadhara mingi niliyolipia ada. Hapa chuoni tukizungumzia uungwana michezoni tunapenda sana picha ya watu kukumbatiana, tusahau uhasama, sote ni ndugu. Yule kijana hakutaka kusahau uhasama hata kidogo. Aliupenda. Alitaka uendelee kuwepo mwaka ujao na mwaka unaofuata. Na ili uendelee, alihitaji sisi tushindwe kwa namna ambayo tutaiamini wenyewe, tukiwa peke yetu, usiku, tumelala. Kushindwa usikokuamini hakukuachi ulale.

Alhamisi tukafungwa 2–0. Namba kumi alikaa na mashabiki wetu anatafuna muwa. Wanawake wa ng'ambo walipita katikati ya kijiji chetu wakiimba, wakituita majina, na watu wetu wakasimama milangoni wakawaangalia. Hakuna jiwe lililorushwa. Kaka yangu alimfuata nahodha wao, akasema, "Mmetufunga." Sikuwahi kusikia mtu wa kijiji chetu akilitamka neno hilo akiwa na akili timamu. (Fainali nao walifungwa na timu ya kata jirani, dume likaondoka kabisa. Tulicheka mpaka basi.)

Nisiwafiche, nyumbani haikuwa rahisi. Kaka hakuniongelesha wiki tatu. Ujumbe alikuwa anapitisha kwa mama: mwambie huyo alete maji. Baba alisema mara moja tu kwamba mtoto anayesomeshwa kwa ng'ombe wa ukoo asiuuze ukoo, akanyamaza. Siku ya kurudi chuoni kaka alibeba begi langu mpaka stendi. Njia nzima aliongelea matairi ya mabasi. Nilimwelewa.

Muhula uliopita, kwenye kozi ya elimu ya michezo, kila kundi lilipewa mchezo wa jamii ya mbali ulieleze darasani. Sisi tukaangukiwa na hurling, mchezo wa magongo wa Ayalandi. Tukaangalia video tukabaki midomo wazi: watu 15 kila upande, kila mmoja na gongo lake la mbao, mpira mdogo unapita hewani kama risasi. Mwenzetu mmoja akasema, "Huu mchezo ni wa kwenu, mura." Lakini mimi kilichonishika hakikuwa magongo. Chama chao, GAA, kilianzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles, na mpaka leo wachezaji hawalipwi mshahara, hata wale wanaojaza viwanja vikubwa. Klabu kwa kawaida inafuata parokia. Unachezea pale ulipokulia, pamoja na uliosoma nao, dhidi ya parokia ya jirani ambayo babu yako aliichukia, na mashindano ya kaunti ndiyo yanayoamua nani mbabe kati ya majirani. Kuhama klabu kuna kanuni zake, na kuna kamati za kusikiliza mashauri. Nikawaza, hawa watu wana Chacha Mwita wao. Wamechukua uhasama wa jirani na jirani, ambao kwetu tunauona ni ugonjwa, wakaujengea daftari. Uhasama haukwisha. Ukapata kwao.

Tusidhani hili ni tatizo la vijijini. Mkoa wetu wa Mara ulipata raha mwaka 2018, Biashara United ya Musoma ilipopanda Ligi Kuu. Oktoba 2021 wakafika kombe la shirikisho la Afrika na kuwafunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2–0 Dar es Salaam. Kisha safari ya marudiano ikakwama, timu haikufika, tukatolewa bila mpira kupigwa. Waulize watu wa Musoma. Wangefungwa tano huko Libya leo wangekuwa wameshasahau, wangesimulia kwa kicheko. Ile ya kutocheza bado inawauma.

Na wakubwa wenyewe, Simba na Yanga? Tarehe 8 Machi 2025 nchi nzima ilikuwa imejiandaa. Wengine hapa hosteli walikuwa wameshachanga hela ya king'amuzi. Simba wakasema walizuiwa jioni ya kabla kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, haki ambayo walisema kanuni inaipa timu ngeni, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wakalalamika kwa upande wao. Mechi ikachezwa 25 Juni, Yanga wakashinda 2–0 na ubingwa wakachukua. Sasa sikiliza mashabiki wanabishana kantini mpaka leo. Wanabishana kuhusu kanuni, barua, geti na saa. Magoli mawili hayatajwi. Mimi ni Yanga, nasema wazi, na linaniuma: tumeshinda kwenye uwanja, lakini jirani yangu wa chumba ana mdomo mwaka mzima. Yule nahodha wa ng'ambo ya kijito angenielewa.

Ninaandika haya kwa sababu wengi wetu wa elimu tunakwenda BTP miezi michache ijayo, na mwalimu kijana akifika shule jambo la kwanza anakabidhiwa ni michezo. Utaambiwa uandae timu ya UMISSETA. Utapewa fomu za majina, umri na kidato. Na kabla ya wiki kuisha mtu mzima, mwenye heshima zake, atakuambia kuna kijana alimaliza mwaka juzi, anajua mpira kweli, muweke tu kwa jina la yule mgonjwa. Hatasema mamluki. Atasema "tusaidie shule". Mamluki wa shuleni hawaletwi na watoto, wanaletwa na walimu, na mtoto aliyeachwa benchi ili mtu mwenye ndevu acheze kwa jina lake amefundishwa somo ambalo hakuna andalio la somo litakalolifuta. Kisha mwalimu huyo huyo anasimama mstarini Jumatatu kukemea udanganyifu wa mitihani.

Mwaka uliofuata nilirudi likizo, mwenyekiti akanipa daftari tena bila kuniuliza. Kamati ilikuwa imekaa na wazee wa pande zote, na ile hoja ya mzee wa mpaka wa 1886 ikapata jibu: ndugu wa ukoo wanaoishi ng'ambo ya mpaka wanaruhusiwa, mradi waje wenyewe kabla ya ratiba, wasizidi wawili kwa timu, na wabandike picha. Mimi nikaomba kuongeza safu moja, jina la mama. Wanaume wakacheka. Nikawaambia, jamani, majina ya akina baba yote yanafanana, lakini mabomani kwetu kila mtu anajulikana kwa nyumba ya mama yake. Mwenye wake watatu ana akina Chacha watatu na hawachanganyi hata siku moja. Wakanyamaza kidogo, mwenyekiti akasema andika.

Siku ya usajili namba kumi alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo, shati limechomekewa, picha mbili za pasipoti kwenye bahasha. Jina? Chacha Mwita. Baba? Mwita Chacha. Mama?

"Bhoke."

Mwenyekiti akazima redio, akavua miwani. "Bhoke yupi?"